Kimya Kilichokatwa: Kuwasikiliza Watabibu wa Nafsi Wakisikiliza

Podikasti ni kipindi cha redio kisichokuwa na saa yake. Msikilizaji hukipata kwa simu, hukisikiliza apendapo, hukikatiza na kukirudia, naye aghalabu huwa peke yake, hedifoni zimo masikioni. Fani hii imeenea sana miongoni mwa watu wa tiba ya nafsi katika Marekani na Uingereza, na vijana wetu wanaosomea ushauri nasaha nao wanaifuata huko huko, kwa Kiingereza. Mmoja wao, binti wa jirani yangu, alinijia mwezi uliopita na orodha ya podikasti zaidi ya 20 alizokusanyiwa na wenzake. "Ami," aliniambia baada ya shikamoo, "wewe ni mtu wa maneno. Nisikilize ipi? Zote siziwezi." Nilimjibu kwamba mimi si tabibu. Akasema matabibu alikwishawauliza.

Basi nimesikiliza. Nimesikiliza kwa takriban wiki tatu, alfajiri na usiku, na haya ninayoyaandika ni uhakiki wa msikilizaji wa mashairi, si wa mwanasaikolojia. Kipimo nilichokitumia ni kimoja, nacho nimekitoa katika malumbano ya washairi wetu. Mshairi anapojibiwa, baraza hutazama: je, aliyejibu ameipokea kauli ya mwenzake, akaishika kwa neno lake lile lile na kuigeuza upande wa pili, au ameleta shairi alilokuwa nalo mfukoni tangu nyumbani? Huyu wa pili aweza kuwa na vina safi na mizani timamu, na bado baraza likamcheka. Kazi ya tabibu wa nafsi, kwa ninavyoielewa, nayo ni ya kupokea kauli. Kwa hiyo podikasti inayomfaa ni ile inayomwezesha kuisikia kauli ikitoka kinywani mwa mwenye dhiki na ikipokewa, ama vizuri ama vibaya. Zile ambamo wataalamu wawili wanaketi na kupongezana kwa vitabu vyao (na sehemu kubwa ya orodha ile ni za namna hiyo) nimezipita haraka, na sitamchosha msomaji kwazo.

Jambo lenyewe si geni kama linavyodhaniwa. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa akinasa mazungumzo ya tiba kwenye sahani za santuri alipokuwa akisomesha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, na katika kitabu chake cha 1942 alichapisha maneno yote ya mikutano minane na mtu mmoja aliyempa jina la Herbert Bryan. Kabla ya hapo tabibu alikuwa akieleza kwa kumbukumbu tu yale yaliyosemwa chumbani, na kumbukumbu ya tabibu, kama ile ya mshairi anayesimulia jinsi shairi lake lilivyopokewa, ina huruma nyingi kwa mwenyewe. Santuri haikuwa na huruma hiyo. Waliojidhania kuwa hawamwelekezi mtu popote walijisikia wakielekeza. Mwaka 1965 ikatoka filamu ambamo mwanamke mmoja, Gloria, anazungumza kwa zamu na matabibu watatu, Rogers, Fritz Perls na Albert Ellis, na filamu hiyo ikaoneshwa kwa wanafunzi wa fani hii miaka na miaka. Podikasti ni mjukuu wa santuri ile, ila babu alikuwa hatoki darasani, na mjukuu anazurura sokoni.

Katika redio, aliyeisafisha njia ni Anthony Clare, daktari wa maradhi ya akili kutoka Ireland, ambaye kuanzia 1982 hadi 2001 aliendesha katika BBC Radio 4 kipindi kilichoitwa *In the Psychiatrist's Chair*. Clare alifariki 2007, kabla fani hii mpya haijashika kasi, lakini mazungumzo yake yaliyohifadhiwa yangali yana la kufunza. Wageni wake walikuwa watu mashuhuri: waandishi, wanasiasa, wachekeshaji. Spike Milligan, mchekeshaji aliyeugua kwa miaka mingi, alikuwa mmoja wao, na baadaye wawili hao wakaandika pamoja kitabu juu ya sonona, kilichochapishwa 1993. Mwaka 1985 aliketi naye R. D. Laing, daktari wa akili mwenzake aliyekuwa amevuma dunia nzima, na Laing akaufungua mbele ya kinasa sauti ulevi wake na huzuni yake. Swali la Clare ni fupi na halina pambo. Akishauliza, hunyamaza. Hamsaidii mgeni kutafuta neno, na mgeni aliyezoea kusaidiwa hujikuta amesema asilolikusudia. Mshauri nasaha kijana ajifunze hapo namna ya kuuliza. Asijifunze zaidi ya hapo, kwani hii si tiba. Ni mahojiano, na mtu mashuhuri huja akiwa amekwishaivaa sura yake. Umahiri wa Clare ulikuwa katika kuivua sura hiyo, ilhali mtu anayekuja kwa mshauri wetu hana sura ya kuvuliwa, au anayo moja tu na anaihitaji ili arudi nayo nyumbani.

Podikasti iliyoniweka macho ni nyingine, *Where Should We Begin?* ya Esther Perel, iliyoanza 2017. Perel alizaliwa 1958 nchini Ubelgiji, kwa wazazi wa Kiyahudi kutoka Poland waliookoka na kambi za mauaji za Wanazi. Husemwa kuwa anazungumza lugha tisa, na kazi yake anaifanya New York. Mpango wa vipindi vyake ni huu: mume na mke, au wapenzi, huja mara moja tu. Hawatajwi majina. Huketi naye kwa muda wa saa kadhaa, na kilichonaswa hukatwa kikawa cha chini ya saa moja. Kati kati ya mazungumzo, sauti ya Perel huingia kutoka nje ya chumba na kumweleza msikilizaji alichokuwa akikifikiria pale alipouliza hili au alipoliacha lile.

Kwa kipimo cha baraza, Perel ni mlumbi wa daraja ya juu. Mtu akisema maneno mia, yeye hushika moja, na mara nyingi silo lile ambalo msemaji mwenyewe alilipigia kelele. Hulirudisha kama lilivyo, bila ya kulibadilisha kwa neno la kitabuni. Mume akisema amechoka, hamwambii kwamba ana sonona; humuuliza amechoka na nini, na tangu lini, na nani mwingine kwao alikuwa akichoka namna hiyo. Nilipokuwa nikimsikiliza nilijikuta nimeshika kalamu, kwani huo ndio usomaji wa beti: hutafuti maana ya shairi zima kwa mkupuo, bali unauliza kwa nini mshairi ametumia "chembe" palipotosha "punje".

Kuna kipindi kimoja katika mfululizo wa kwanza, kiitwacho *Speak to Me in French*, ambacho kila mkalimani angekisikiliza. Mume, anapozungumza Kifaransa, lugha isiyokuwa ya nyumbani mwake, anakuwa mtu mwingine: ana ujasiri, ana maneno, hana haya ya yule wa Kiingereza. Perel anaingia naye katika lugha hiyo na kumkalimania mke. Mambo yenyewe ni ya unyumba na hayataki kufasiliwa hapa. Linalonihusu ni kwamba tabibu alitambua kuwa mtu yule hakukosa hisia, alikosa lugha ya kuzitembeza, na kwamba lugha ya pili inaweza kuwa chumba cha pili ndani ya nyumba moja. Sisi wa pwani tunalijua hili kwa njia yetu. Ni wangapi wanaoweza kuomba radhi kwa Kiarabu cha dua na wasiweze kwa Kiswahili cha jikoni?

Lakini nina malalamiko mawili juu ya Perel, na yote mawili ni ya fani. La kwanza ni zile sauti zinazoingia kutoka nje. Fikiri mshairi anayeghani qasida yake, na kila baada ya ubeti anasimama kutueleza tulichokisikia. Mara nyingine mwanamke amesema neno la kukata maini, na kabla halijatua, sauti tulivu imekwishatufasiria. Najua kwamba mwanafunzi wa tiba atanipinga hapa, na ana hoja: anataka kusikia fikra ya mwalimu wakati ule ule inapozaliwa, jambo ambalo hata aliyeketi pembeni chumbani asingeliweza kulipata. Nakubali. Hata hivyo namshauri asikilize mara mbili, na mara ya kwanza azibe masikio pale Perel anapotoka nje ya chumba, ajifasirie mwenyewe kwanza.

La pili ni zito zaidi, nalo ni kimya. Mazungumzo ya saa kadhaa hayawezi kuwa chini ya saa moja bila ya kitu kukatwa, na kinachokatwa mwanzo ni kimya. Msomaji wa ukurasa huu hahitaji kufunzwa kwamba kati ya ukwapi na utao pana pumzi, na kwamba pumzi ile ni sehemu ya mshororo. Iondoe, uziunganishe mizani 16 bila ya kituo, na shairi limekuwa barua. Katika podikasti mtu anaulizwa juu ya mama yake, na jibu linakuja kana kwamba lilikuwa linangoja mlangoni. Je, lilikuja hivyo? Au alikaa dakika tatu akitazama mikono yake? Mshauri nasaha anayejifunza kwa vipindi vilivyokatwa atadhani kwamba watu hujibu. Siku atakapokaa na mtu asiyejibu, atahisi kwamba kazi imemshinda, na ataanza kuzungumza yeye.

Hapa sina budi kusimulia jambo langu mwenyewe, ambalo vipindi hivi vilinirudisha kwake. Miaka mingi iliyopita niliwahi kukodiwa kuwa mkalimani wa daktari mgeni, katika chumba kidogo chenye meza moja, na sitasema ni wapi. Aliingia bibi mmoja mtu mzima. Aliulizwa kilichomleta, naye akasema: "Moyo wangu umo baharini, baba, na wa kuuopoa simwoni." Mtoto wake alikuwa ametoka na mashua na hakurudi, hilo tulilijua sote tuliokuwa tukikaa upande ule. Nami, kwa Kiingereza changu cha kujifunza mwenyewe ambacho nilikuwa nikijivunia, na kwa haraka ya foleni iliyokuwa nje, nilimwambia daktari: ana huzuni nyingi tangu kufa kwa mwanawe. Daktari akaandika. Akauliza kama tangu alipofariki kijana, mama analala. Nikaligeuza swali kwa Kiswahili, na neno "alipofariki" likatoka kinywani mwangu, sasa likimwelekea yeye. Bibi hakujibu. Alinitazama mimi, hakumtazama daktari. Kisha akajitanda vizuri kanga yake, akasema, "Ahsante, baba," akatoka. Karatasi ya dawa ilibaki mezani.

Hakusema kwamba amekufa. Alisema kuopoa, na huopolewa kilichozama, kikiwa kizima au kikiwa maiti. Neno lile lilikuwa limeuacha mlango wazi, nami niliufunga. Kijana ambaye mwili wake haukuonekana hakuoshwa, hakushushwa kaburini, na mama yake hajui kama yeye ni mfiwa au ni mwenye kungoja. Hayo yote yalikuwamo ndani ya neno moja, nami nikalitupa kwa sababu halikuwa na mwenzake wa karibu katika Kiingereza changu. Tena sikukosea sarufi. Tafsiri yangu ilikuwa nyoofu, na daktari, ambaye alikuwa mtu mwema, hakuwa na namna ya kujua kwamba kuna kitu kimetolewa. Mhariri anayekata kimya na mkalimani anayesafisha kauli wanafanya kazi moja.

Ndiyo maana podikasti niliyomwekea binti yule nafasi ya kwanza katika orodha yake si ya Perel, ingawa ya Perel ni bora kwa fani. Ni *Very Bad Therapy*, iliyoanzishwa 2019 na Ben Fineman na Caroline Wiita wa California. Jina lake ni la utani na muziki wake ni wa kelele; nusura niizime. Lakini mpango wake ni wa haki. Anakuja mtu aliyewahi kwenda kwa tabibu akaumizwa, au akapuuzwa, au akatoka alivyoingia, naye anasimulia. Hamtaji tabibu wake. Kisha waendeshaji, peke yao au na mtaalamu mwingine, wanaipima habari ile: kosa lilikuwa wapi, na kwa nini tabibu hakuliona. Fani yake ni dhaifu. Waendeshaji hucheka pasipostahiki kicheko, na baadhi ya vipindi vinarefuka kama foleni ya maji. Lakini ni mahali gani pengine ambapo tabibu angemsikia mtu aliyetoka bila ya kurudi? Anayeridhika hurudi kushukuru. Asiyeridhika husema "ahsante, baba", akajitanda kanga yake. Tabibu anaweza kumaliza umri wake wote wa kazi akiwahisabu waliorudi, na asijue idadi ya wa upande wa pili.

Jambo moja linalojitokeza katika visa vile ni kwamba makosa mengi si ya elimu. Ni ya kupokea. Mtu amesema hili, tabibu amesikia lile alilosomeshwa kulisikia. Mmoja anakuja na msiba, anaandikiwa maradhi. Mwingine anakuja na hasira ya haki, anafundishwa kupumua.

Nije kwa *This Jungian Life*, ya wafuasi watatu wa Carl Jung, Lisa Marchiano, Deborah Stewart na Joseph Lee, iliyoanza 2018. Hii inapendwa sana, na naelewa kwa nini: sauti zao ni za watu waliokwisha kunywa chai, hawana haraka, wanajua hekaya nyingi. Mwishoni mwa kipindi huisoma ndoto iliyoandikwa na msikilizaji, wakaiagua. Mpenzi wa ushairi ataburudika hapa kuliko mahali pengine popote, kwani hawa ni wasomaji wa taswira hasa. Nyumba yenye chumba kisichojulikana, maji yanayopanda ngazi, mnyama anayezungumza: kila kitu kinashikwa na kugeuzwa mbele ya taa. Kiswahili chetu kina bahati katika jambo hili, maana neno moja, tafsiri, linatumika kwa ndoto na kwa lugha, na wazee wetu waliokuwa na kitabu kinachonasibishwa kwa Ibn Sirin sandukuni walijua kwamba ndoto moja haina tafsiri moja, bali hutazamwa aliyeiota ni nani na yuko katika hali gani.

Na hapo ndipo kasoro ilipo. Mwenye ndoto hayupo. Ameituma kwa maandishi, pamoja na maelezo mafupi ya maisha yake, na wale watatu wanaifasiri nyuma ya mgongo wake. Hawezi kusema, "La, bahari ile haikunitisha." Sisi tumefunzwa kwamba ndoto haisimuliwi kwa kila mtu, na kwamba anayesimuliwa hutanguliza kusema "kheri, inshallah" kabla ya neno jingine lolote. Adabu hiyo si ushirikina. Inampa mwotaji nafasi ya kuvuta pumzi, na inamkumbusha muaguzi kwamba anachokishika si chake. Tabibu asikilize podikasti hii kwa ajili ya taswira, kama anavyosoma diwani. Asije akaanza kuwaagulia watu.

Nyingine nizitaje kwa ufupi. *All in the Mind* ya BBC Radio 4, iliyoanza 1988 na ambayo Clare yule yule aliwahi kuitangaza kabla ya kuchukuliwa na Claudia Hammond, ni ya habari za utafiti. Inamfaa tabibu kama gazeti linavyomfaa mwalimu. *Therapy for Black Girls*, iliyoanzishwa 2017 na Joy Harden Bradford wa Atlanta, inawahusu wanawake weusi wa Marekani, na nimeipenda kwa jambo moja ambalo huenda mwenyewe asilihisabu kuwa fani: anazungumza na watu wake bila ya kugeuka kila mara kuwaelezea wageni. Anajua nani ameketi mbele yake. Washairi wetu wengi wa siku hizi hawalijui hilo.

Binti aliponijia tena nilimwuliza kama yeye na wenzake wanafikiria kuanzisha podikasti kama ya Perel kwa Kiswahili, hapa visiwani. Alisema wamelizungumza. Nikamwambia wasithubutu, na hapa nataka nieleweke. Perel huficha majina, na katika mji wa mamilioni ya watu hilo linatosha. Kwetu sauti ni jina. Mwanamke akikohoa nyuma ya dirisha, anayepita uchochoroni anajua ni binti wa nani na ameolewa wapi. Hakuna hariri itakayoificha lafudhi ya Makunduchi au ya Micheweni. Sitara si woga, na anayemwambia mwenye dhiki kwamba aivue ili apone, kwa sababu amesikia huko wanavua, amechukua dawa ya mwili mmoja akampa mwengine. Watu wa pwani wamekuwa wakizisema dhiki zao hadharani kwa karne nyingi, lakini kwa fumbo: katika nyimbo, katika utendi, katika maandishi ya kanga. Anayehusika anajua, na asiyehusika anafurahia maneno. Kama kuna mtu wa kutengeneza kipindi cha Kiswahili cha namna hii, na aanzie hapo, kwa mazungumzo yanayoigizwa, au kwa barua zinazosomwa na sauti nyingine. Ila asidhani kwamba anapunguza ukweli kwa kufanya hivyo.

Liko pia suala la msamiati, na hili ndilo linalonikosesha usingizi kama mfasiri. Vijana wanaosikiliza vipindi hivi wanarudi na maneno. Wanasema "mipaka" kwa maana ya kumkatalia mtu, "kiwewe" kwa kila jambo lililowahi kuwauma, na "sonona" kwa yote yaliyobaki. Sina ugomvi na neno sonona; ni neno zuri, na wagonjwa wa kweli wamefaidika kwa kuwa na jina la ugonjwa wao. Lakini tunayo jitimai, tunayo ghamu, kihoro, ukiwa, fadhaa na jakamoyo, na hayo si majina sita ya kitu kimoja. Mwenye ukiwa anataka mtu wa kukaa naye. Mwenye jakamoyo ana jambo linalomngoja mbele. Mwenye kihoro amepotewa na alichokuwa nacho jana. Tabibu anayewatia wote katika kapu moja amekwishafanya nililolifanya mimi kwa yule bibi, tena kabla hajaketi.

Wenzetu wa Zimbabwe walifanya vingine. Dixon Chibanda, daktari wa maradhi ya akili, alianza 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare, kuwafundisha bibi 14 kuwasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya vituo vya afya, mpango unaojulikana kama Benchi la Urafiki. Bibi wale hawakutakiwa kusema sonona. Walitumia neno la Kishona, *kufungisisa*, yaani kufikiri mno, na hatua ya kwanza ya mazungumzo yao inaitwa *kuvhura pfungwa*, kufungua fikra. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwishoni mwa 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani ulionesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliokaa kwenye benchi walikuwa takriban asilimia 14, ilhali miongoni mwa wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa takriban asilimia 50. Mpango huo tangu hapo umevuka mipaka, na Zanzibar nayo ni miongoni mwa mahali ulipofika. Hotuba aliyoitoa Chibanda mwaka 2017 juu ya bibi hao inasikilizika hadi leo, na ingawa si podikasti, nimeitia katika orodha ya binti bila ya kumwomba ruhusa.

Sikio la Mswahili likilisikia neno *kufungisisa* kwa mara ya kwanza linasikia kufunga, kufunga mno, mlango juu ya mlango. Maana si hiyo; kwa Kishona kufunga ni kufikiri. Lakini kosa hilo la sikio lilinifurahisha kwa siku nzima. Kisha nikakumbuka kwamba hatukuwa na haja ya kuazima. Muulize mtu yeyote sokoni Darajani kwa nini fulani amekonda, atakujibu kwa maneno mawili: ana mawazo. Jaribu kuyafasiri hayo kwa Kiingereza neno kwa neno, uone yatakavyochekesha: mtu anaugua kwa kuwa na fikra! Lakini kila mpishi, kila nahodha na kila mama wa Kiswahili anajua kilichosemwa, na anajua swali linalofuata, ambalo si "tangu lini una dalili hizi" bali ni "mawazo ya nini?" Katika orodha ya maneno ambayo binti yule ameandaliwa kwa kazi yake, neno mawazo halimo.

Orodha ya podikasti nimemrudishia. Nimebakisha nne, pamoja na hotuba ile ya Chibanda, na pembeni ya kipindi cha Kifaransa nimeandika: kisikilizwe mara mbili. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akauliza mbona hata kimoja cha Kiswahili sikumwandikia. Nikamwambia kwamba bibi yake yu hai, na hakatwi na mhariri.

"Yule, Ami," akasema, "hana kitufe cha kurudisha nyuma. Ukikosa kumsikia, basi umekosa."